Nakala za picha safarini zinapogoma: tambua dalili, fuata chanzo

Anayesafiri na begi moja mgongoni kwa kawaida habebi kompyuta. Ana simu, pengine kamera, kadi mbili tatu za kumbukumbu, kisoma kadi kidogo na diski ya SSD au flashi. Vifaa hivyo vinatosha kulinda picha za mwezi mzima. Shida huja vinapogoma: chaji inaisha, mtandao unasuasua, kadi imejaa, na kesho kuna picha nyingine za kupiga. Hapo ndipo watu hufuta wasichopaswa kufuta.

Nimewasaidia wengi kutafuta picha zilizopotea safarini, na mara nyingi hakuna kifaa kilichoharibika. Picha zilikuwa salama kwenye kadi hadi mwenyewe alipozifuta akiamini nakala ipo. Kwa hiyo sharti moja linatangulia yote yaliyomo humu: usifute kadi mpaka uwe umezifungua picha kutoka kwenye nakala, kwa ukubwa wake kamili, na kadi ikiwa imechomolewa. Hilo la kuchomoa kadi nalisisitiza kwa sababu simu inaweza kukuonyesha picha iliyo kwenye kadi nawe ukadhani unaitazama nakala.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, na 1 ikae mahali pengine kabisa. Njiani si rahisi kuitimiza kila siku. Angalau kila jioni picha ziwe mahali pawili, na sehemu hizo mbili zisilale kwenye begi moja.

Simu haioni kadi wala diski

Anza na waya. Nyaya nyingi zinazokuja na pawabanki, spika au taa zimetengenezwa kwa umeme tu. Zinachaji vizuri lakini hazipitishi data. Tumia waya uliokuja na diski yenyewe. Kisha vua kava ya simu, maana kava nene huizuia plagi isiingie hadi mwisho. Mulika tundu la simu kwa tochi: vumbi na pamba za mfukoni hujishindilia humo taratibu, na plagi ikawa inashika nusunusu. Zima simu, uzitoe kwa kijiti cha mbao cha meno. Usitumie sindano wala pini.

Kama waya ni mzima, nenda kwenye mipangilio. Baadhi ya simu za Android, zikiwemo za OPPO na OnePlus, zina swichi ya OTG (inayoiruhusu simu kusoma kifaa cha nje) ambayo lazima iwashwe kwanza, na hujizima yenyewe baada ya muda bila kutumika. Jana ilikubali, leo imekataa, na mtu anaanza kuilaumu diski. Kwa iPhone, uwezo wa kusoma diski za nje ulikuja na iOS 13 mwaka 2019, na diski hutafutwa ndani ya programu ya Files. Anayesubiri ijitokeze yenyewe kwenye skrini atasubiri sana.

Chanzo kinachofuata ni umeme. Diski ngumu ya sahani zinazozunguka huhitaji nguvu nyingi inapoanza, na simu nyingi haziwezi kuipa. Utasikia ikijaribu kuzunguka, inanyamaza, inajaribu tena. Chomoa mara moja. Dawa yake ni habu ya USB yenye tundu la kupokea umeme kutoka pawabanki. Kwa maoni yangu, kwa safari nyepesi diski ya aina hiyo ibaki nyumbani. SSD ndogo haina kinachozunguka ndani na inavumilia misukosuko ya begi.

Baada ya hapo angalia mfumo wa faili, yaani namna diski ilivyopangwa kuhifadhi faili. Diski iliyofomatiwa kwa NTFS, simu nyingi ama hazitaiona ama zitaisoma bila kuweza kuiandikia. Mfumo unaoelewana na simu nyingi, kamera na kompyuta ni exFAT. Kufomati kunafuta, kwa hiyo fanya hivyo kabla ya kuondoka. Ukiwa tayari njiani na diski ina picha za zamani, iache ilivyo, utafute flashi nyingine.

Kadi isipoonekana kwenye kamera yenyewe, wala kwenye visoma kadi viwili tofauti, acha kuichomekachomeka. Nenda sehemu ya mwisho.

Kadi inasema imefungwa

Kadi kubwa ya SD ina kijiti kidogo cha plastiki ubavuni. Kikisogezwa kuelekea chini, kadi imefungwa na haiandikiki. Kwenye kadi iliyotumika sana kijiti hulegea, na hujisogeza chenyewe kadi inapoingia kwenye kamera, kiasi kwamba unaifungua kwa ukucha, unaichomeka, na bado inasema imefungwa. Kata kipande chembamba cha selotepu, uzibe pale penye mwanya wa kijiti, ulaze kingo zake vizuri zisije zikanasa ndani. Itaandikika. Lakini hiyo ni dawa ya siku moja: nakili vilivyomo, kisha uistaafishe.

Kunakili kunaanza, halafu kunakatika

Mara nyingi ni skrini. Simu ikizima skrini, programu ya faili hulazwa na kazi hukatika katikati. Ongeza muda wa skrini kuwaka, zima hali ya kuokoa betri, weka simu mezani na usiifungulie mambo mengine. Nakili kwa mafungu ya picha mia mbili mia tatu badala ya folda nzima. Likikatika fungu moja unajua pa kuanzia.

Cha pili ni nafasi. Simu nyingine hupitisha faili kwanza kwenye kumbukumbu yake ya ndani kabla ya kuziandika kwenye diski, kwa hiyo diski inaweza kuwa tupu na bado kazi ikakwama kwa sababu simu imejaa.

Picha zote zikipita na video moja ndefu ikigoma, tazama kama diski au flashi imefomatiwa kwa FAT32. Mfumo huo haupokei faili moja inayofikia GB 4, hata kama nafasi tupu ni GB 100. Usiifomati ukiwa njiani. Iache video hiyo kwenye kadi yake, na kadi hiyo usiitumie tena mpaka urudi.

Kazi ikikatika kila mara kwenye faili ileile, na kifaa kimeanza kuwa cha moto au kinajikata chenyewe, shuku kadi. Ruka faili hiyo, nakili nyingine zote kwanza, kisha ndipo uirudie.

Nakala ina picha chache kuliko kadi

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu hakuna ujumbe wowote wa hitilafu unaotokea.

Kamera nyingi huzipa picha majina kwa namba, kama IMG_0001, hadi 9999, kisha huanza upya. Nyingine zimewekwa zianze na 0001 kila kadi mpya inapoingizwa. Sasa chukua kadi ya kwanza, unakili kwenye folda inayoitwa "Safari". Kesho leta kadi ya pili, unakili kwenye folda ileile. Simu inauliza: faili yenye jina hili ipo, tuibadilishe? Umechoka, unataka kulala, unabonyeza ndiyo kwa zote. Picha za kadi ya kwanza zimefunikwa na za kadi ya pili, na folda bado inaonekana imejaa.

Rafiki yangu aliniletea diski ya namna hiyo baada ya safari ya siku kumi na mbili. Alikuwa na kadi mbili akizibadilishana, akifuta kila moja baada ya kunakili. Tulipoifungua tulikuta IMG_0412 ni picha ya jioni ya siku ya nane. Kwenye simu yake kulikuwa na picha nyingine yenye jina hilohilo, IMG_0412, aliyowahi kumtumia dada yake: mama yao akiwa amesimama mlangoni asubuhi ya kuondoka. Ile kubwa haikuwepo tena popote. Iliyosalia ni ile ndogo ya kwenye mazungumzo.

Kinga yake ni rahisi. Kila kunakili kuwe na folda yake, jina lake likiwa tarehe na namba ya kadi, kwa mfano 2025-03-14-kadi2. Kwenye menyu ya kamera, chagua namba ziendelee badala ya kuanza upya. Simu ikiuliza kuhusu jina linalofanana, jibu liwe kuweka zote mbili, au sitisha kabisa.

Ukaguzi nao ni wa dakika moja: linganisha idadi ya faili na jumla ya ukubwa kati ya kadi na folda. Zikitofautiana, tafuta kwanza folda ndogo. Ndani ya DCIM, folda kuu ya picha kwenye kadi, kamera hufungua folda mpya kila baada ya idadi fulani ya picha, na watu wengi hunakili folda ya 100 wakaisahau ya 101. Pia video za kamera nyingine hukaa nje ya DCIM kabisa. Kwa hiyo nakili kadi nzima kuanzia juu, usichague chague.

Picha zipo, lakini ni ndogo au zina ukungu

Chanzo cha kwanza ni programu ya kamera inayotuma picha kwenye simu bila waya. Nyingi zimewekwa kutuma nakala ndogo ya megapikseli 2, inayotosha kwa skrini. Mtu ana kamera ya megapikseli 24, anaona picha zote zimehamia kwenye simu, anafuta kadi. Ingia kwenye mipangilio ya programu, uchague ukubwa halisi, na ujue kuwa faili za RAW (picha ghafi za kamera) mara nyingi hazipiti kwa njia hiyo. Kisoma kadi ni cha kuaminika zaidi.

Chanzo cha pili ni WhatsApp. Kujitumia picha si kuzihifadhi, kwa sababu picha hupunguzwa na taarifa za tarehe na mahali huondolewa. Ukilazimika kuitumia, tuma kama waraka, siyo kama picha.

Cha tatu ni mpangilio wa hifadhi ya wingu. Google Photos ina chaguo la kuokoa nafasi ambalo hupunguza picha zinazozidi megapikseli 16. Kwa iPhone, ukiwa umewasha uboreshaji wa nafasi, picha halisi ziko iCloud, hifadhi ya wingu ya Apple, na kwenye simu kuna vivuli vyake, yaani nakala ndogo. Ukitaka kuzinakili kwenye diski, simu italazimika kwanza kuzipakua, na hapo bando linaondoka. Fanya kazi hiyo palipo na Wi-Fi.

Kupakia kwenye wingu hakusogei

Kabla ya kulaumu programu, piga hesabu. Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Mtandao wenye kasi ya kupakia ya Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde) hupitisha takribani MB 450 kwa saa. Picha 300 za RAW zenye MB 25 kila moja ni GB 7.5. Hiyo ni karibu saa 17, mfululizo, bila kukatika. Kumbuka pia kasi ya kupakia mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua, kwa hiyo video inayocheza bila kukwama haithibitishi chochote. Pima kasi ya kupakia, kisha uamue. Kama hesabu inakataa, pakia picha bora ishirini za siku hiyo na zilizobaki zikae kwenye diski. Nakala ishirini zilizofika zina faida kuliko mia tatu zilizokwama kwenye foleni.

Kama kasi inatosha na bado hakuna kinachosogea, fuata mpangilio huu. Je, Wi-Fi ina ukurasa wa kuingia? Mitandao ya hoteli na viwanja vya ndege hukuunganisha lakini hairuhusu kitu mpaka ufungue kivinjari na kukubali masharti, na mingine hukutoa baada ya muda. Fungua tovuti yoyote uone. Je, programu imeambiwa ipakie ikiwa na Wi-Fi tu, nawe unatumia data? Je, hali ya kuokoa betri imewashwa? Chomeka chaji, fungua programu yenyewe, uiache mbele ya skrini.

Halafu nafasi. Google hutoa GB 15 bila malipo zinazogawanywa kati ya picha, barua pepe na Drive. Tangu Juni 1, 2021 hata picha zilizopunguzwa huhesabiwa humo. Apple hutoa GB 5. Ikijaa, kupakia husimama, na taarifa yake ni kijialama kidogo unachoweza kukipita siku tatu bila kukiona.

Mwisho, picha ulizohamisha kutoka kwenye kadi huenda zimo kwenye folda ambayo programu haiiangalii kabisa. Google Photos hupakia folda ya kamera ya simu. Folda nyingine hazipakiwi mpaka uende kwenye mipangilio ya nakala na kuzichagua moja moja.

Nilifuta kwenye simu, na wingu nalo likafuta

Programu imefanya kazi yake. Google Photos na iCloud husawazisha: ukifuta picha ndani ya programu, unaifuta kote. Ukitaka nafasi kwenye simu, Google Photos ina kitufe maalumu cha kuachia nafasi, ambacho huondoa kwenye simu zile tu zilizokwisha kupakiwa. Kubonyeza pipa la taka ni jambo jingine kabisa.

Usihangaike bure, fungua taka. Picha zilizokuwa zimepakiwa Google hukaa humo siku 60, zile ambazo hazikupakiwa siku 30, na iCloud huweka zilizofutwa siku 30. Zirudishe leo, usisubiri kufika nyumbani.

Faili ipo, lakini haifunguki

Angalia herufi za mwisho za jina. HEIC, ambayo iPhone huitumia tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na faili za RAW hazifunguki kwenye kila kifaa. Ijaribu kwenye simu au kompyuta nyingine kabla ya kuihesabu kuwa imekufa.

Kama ni JPEG na nusu yake ya chini ni ya kijivu, kunakili kulikatika. Kadi ikiwa bado haijafutwa, nakili tena tu.

Lakini picha zikiwa nzuri mpaka mahali fulani, na kuanzia hapo zote ni za kijivu au zina ukubwa wa sifuri, una uwezekano mkubwa wa kadi au flashi bandia. Imeandikwa GB 512, kumbe ndani mna GB 16. Inaendelea kupokea huku ikifunika picha za zamani au kuzitupa mpya. Hakuna cha kurekebisha hapo. Acha kuitumia sasa hivi, okoa zilizo nzima. Kadi mpya zipime kabla ya safari kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac: hujaza kadi yote kisha huisoma upya.

Kadi inaomba ifomatiwe, au umefuta kwa bahati mbaya

Jibu hapana. Chomoa kadi.

Kufuta, na hata ufomati wa kawaida, kwa kawaida huondoa orodha ya faili tu. Picha zenyewe hubaki zimelala mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kila picha mpya unayopiga kwenye kadi hiyo inaweza kuwa inakaa juu ya ya zamani. Sogeza kile kijiti kwenye upande wa kufunga, ifunge kwenye karatasi, uandike "usitumie", itie mbali na kadi nyingine, na uendelee na safari kwa kadi tofauti. Ndiyo maana nashauri kubeba kadi za ziada kuliko kubeba kifaa cha ziada; kadi tatu zina uzito wa sarafu chache, na zinakupa uwezo wa kutofuta chochote mpaka urudi.

Ukifika kwenye kompyuta, PhotoRec ni programu ya bure inayosoma kadi na kuokoa kilichopo. Elekeza zilizookolewa kwenye diski nyingine, kamwe siyo kwenye kadi ileile. Majina ya faili yatakuwa yamepotea, picha zitakuwepo.

Kilichofutwa kwenye kumbukumbu ya ndani ya simu ni habari nyingine. Simu za sasa husimba data zake, na programu zinazojinadi kurudisha picha hizo aghalabu hurudisha vivuli vidogo tu. Tegemea taka na wingu.

Simu imepotea, nakala ipo, siwezi kuingia

Nenosiri unalo, lakini msimbo wa uthibitisho unatumwa kwenye laini iliyo ndani ya simu iliyopotea. Chanzo kiko kabla ya safari, na tiba pia. Akaunti ya Google hukupa misimbo 10 ya akiba. Iandike kwenye karatasi, iwe ndani ya begi, mbali na simu. Ukiwa umekwisha kukwama, jaribu kuingia kupitia kifaa kingine ulichowahi kukitumia, au rudisha laini kwa namba ileile. Usibahatishe nenosiri mara nyingi mfululizo. Akaunti itafungwa kwa muda.

Hapa acha, mwone mtaalamu

Diski inayogonga, tik-tik-tik, imeumia ndani. Kila mara unapoiwasha, kichwa chake kinaweza kuwa kinakwaruza sahani zenye picha. Zima, usiijaribu tena hata mara moja "kuona kama imepona". Usiigandishe kwenye friji na usiifungue kifuniko. Kazi hiyo hufanywa kwenye chumba kisicho na vumbi.

Kifaa kilicholowa kisichajiwe wala kisiwashwe, hata kikionekana kikavu nje. Maji ya chumvi hula metali haraka, kwa hiyo usikae nacho wiki nzima. Mchele hausaidii, unaongeza vumbi kwenye matundu.

Kadi iliyopasuka, iliyopinda, inayopata moto mkali inapochomekwa, au isiyoonekana popote, usiibane irudi umbo lake. Iweke kwenye kasha gumu.

Unapoipeleka, tafuta anayeokoa data kama kazi yake, kwa sababu fundi wa kawaida anaweza kuanza kwa kufomati ili kifaa "kifanye kazi". Mwambie mapema kwamba unataka picha, kifaa hukihitaji. Mweleze ukweli wote: kilianguka lini, kililowa maji gani, ulijaribu programu zipi. Na akitaka kuandika chochote juu ya kadi yenyewe kabla ya kutoa nakala yake nzima, ichukue uondoke nayo.